Aliyebaki Nje ya Tangi

Wa kanisani nawasalimu, wa msikitini nawasalimu, na wale waliokuja kwa sababu ya chai na mandazi nawasalimu pia, karibuni sana kwenye mkutano wetu wa walioumia kazini. Mwenyekiti wetu ameniambia nisimame kule mbele kwenye maikrofoni, lakini mtanisamehe, nitaongea nikiwa hapa karibu na mlango. Wengine mnajua kwa nini, na wengine mtajua sasa hivi. Na wewe ndugu uliyeinuka kuufunga kwa sababu ya baridi, tafadhali uache tu. Vaa sweta.

Mimi nafanya kazi ya pombe. Nimesikia mama mmoja amekohoa hapo. Usikohoe, mama yangu. Najua ushuhuda wa pombe mliouzoea ni wa mtu aliyeiacha. Mimi sijaiacha kwa sababu sikuwahi kuifuata. Mimi huipika, na kunywa nawaachia wenye nafasi. Leo nimekuja kuwaambia vile nilianguka ndani ya tangi kule Ruiru nikawa kama nimekwisha, na vile nilikaribia kumfukuzisha kazi mtu aliyenirudisha. Namshukuru Mungu kwamba hayo mawili yote hayakufika mwisho. Nikilia katikati, msinipigie makofi. Nipeni tu dakika.

Nimezaliwa Gatuanyaga, huko kwenye vumbi, kwa watu wa mbuzi na mizinga ya nyuki. Baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa akiitwa kila mahali palipokuwa na ruracio, wazee wanapokwenda kupeleka mahari, kwa sababu ruracio bila muratina, ile pombe yetu ya asali, ni mkutano tu wa watu waliovaa makoti. Nilijifunza kwake. Asali, maji, na yale matunda makavu ya mti yanayoitwa miratina, ambayo ndiyo yanayoiamsha pombe. Wasiojua wanafikiri siri iko kwenye asali. Siri iko kwenye miratina. Ukimaliza kupika unaitoa taratibu, unaianika, unaiweka, na safari ijayo inafanya kazi tena. Kuna miratina kwetu iliyopikia harusi ya wazazi wangu na ikapikia yangu.

Na ina heshima zake. Haioshwi, kwa sababu ukiiosha umeiua. Haipepewi kwa upepo mkali. Haitolewi na mtu mwingine ila yule aliyeiingiza. Baba mdogo angeweza kukusamehe ukimwaga pipa zima, lakini ukiimwagia miratina yake maji ya bomba, huyo hamtaongea mpaka mvua ya pili.

Sasa, kule Ruiru kuna jamaa alifungua kiwanda kidogo cha bia. Kidogo kweli, banda la mabati, matangi machache, na yale matangi yenyewe yalikuwa ya maziwa, aliyanunua yakiwa yametumika. Bia yake ilipendwa huku Kamakis kwenye nyama choma. Halafu akapata wazo, mbona tusiweke muratina kwenye chupa? Watu wa mjini wanaoa pia. Akatafuta mtu anayeijua, akaletwa kwangu. Mama watoto naye akapata kazi hapo hapo, upande wa kuosha chupa. Nawaambia, tulijiona tumefika. Tunaamka pamoja, tunaenda kazini pamoja, jioni tunarudi tukigombana njia nzima kuhusu nani alikula kiazi cha mwenzake.

Msimamizi wetu alikuwa dada mmoja. Jina lake silitaji, alinikataza, lakini kule kazini tulimwita Mama Ngoja. Kila asubuhi neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Unataka kufungua valvu, ngoja. Unataka kubeba gunia la kimea, ngoja, mgongo huo si wa kukopa. Mfupi, lakini sauti yake ilikuwa inafika barabarani. Na sheria yake kubwa ilikuwa ya matangi. Hakuna kuingia ndani ya tangi mpaka mlango wa chini ufunguliwe, feni ipulize, maji yapite, kile kifaa cha kupima hewa kiteremshwe na kamba kisome sawa, na mtu asimame nje akikutazama. Alitueleza mara nyingi sababu. Pombe inapochacha inatoa hewa nyingine, nzito, isiyo na rangi, na hiyo hewa inalala chini ya tangi hata baada ya pombe kutolewa. Ukiivuta, huna habari tena.

Mimi nilimsikia. Nasema ukweli, nilimsikia na nikamwamini, kwa matangi ya bia. Lakini kwa tangi la muratina tulivutana. Kwa sababu miratina inabaki chini pombe ikitoka. Yeye anataka feni na maji kabla mtu hajaingia. Mimi nafahamu feni na maji vitaiua. Akasema, basi tuitoe kwa ndoano. Nikamwambia ndoano inairarua. Akasema atafikiria. Nikaona mtu wa mjini anataka kunifundisha vitu nilivyokuta baba mdogo akivifanya tangu nikiwa sijaota meno. Na kwetu kweli hakuna aliyewahi kufa. Lakini kwetu tulipikia kwenye pipa lililo wazi, jikoni, upepo wa Gatuanyaga unapita huku na huku. Sikufikiria hapo. Pipa na tangi lililofunikwa kila upande nilivihesabu kitu kimoja.

Siku hiyo tulikuwa tumetoa muratina asubuhi. Msimu wa ruracio ulikuwa umepamba moto, oda zimejaa, nataka nichukue miratina ikiwa bado na joto niianzishe kwenye tangi la pili. Lori la kimea likapiga honi getini na Mama Ngoja akaenda kulipokea. Nikaona hapa ndipo. Nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko cha juu, nikashuka ndani.

Sasa sikilizeni hapa, hasa nyinyi mnaochimba visima na mashimo ya choo. Nilipokuwa nimesimama, kichwa changu kilikuwa karibu na kile kifuniko, na nilipumua vizuri kabisa. Hewa safi. Nikajiambia, unaona? Maneno mengi ya bure. Nikainama kuokota. Pua ikaniwasha, ule mwasho wa soda ikipitia puani. Nikasimama, nikapumua, nikatulia. Nikainama tena. Moyo ukaanza kukimbia na mimi sijakimbia. Nikadhani ni uchovu, sikuwa nimekunywa chai. Nikainama tena, na magoti yakaniambia kwaheri. Hiyo ndiyo ninayokumbuka mwisho, nikiikumbatia miratina kifuani ili isianguke.

Niliamkia hospitali, hapa Thika. Mama watoto amenishika mguu, si mkono, mguu, kama mtu anayeogopa nitapanda juu. Daktari akasema nina bahati kubwa sana, wengi hawarudi. Nikashukuru. Lakini nilirudi na mizigo, jamani. Mikono ilikuwa inatetemeka hata kikombe sishiki. Maneno yananipotea, namtaka mtoto aniletee kijiko, naita kijiko ngazi, mtoto anashangaa. Na mlango. Ukifunga mlango wowote mimi nikiwa ndani, kifua kinakaza. Nilikuwa naoga mlango wazi, mama watoto ameshika leso kama pazia, majirani wakipita anawaambia hakuna kitu cha kuona hapa. Mnacheka, na sasa hata mimi nacheka. Wakati ule sikucheka. Mtu anayepikia watu pombe ya ruracio, nimeshindwa kuingia chooni.

Halafu akaja jamaa mmoja tuliyefanya kazi naye, wa kupakia kreti, kuniona nyumbani. Mama watoto alikuwa ameenda sokoni. Tukapiga stori, kisha akainama akashusha sauti.

"Buda, kuna kitu watu hawakuambii. Siku ile, watu walitaka kuingia wakutoe. Yule mama aliwakatalia."

"Aliwakatalia vipi?"

"Alisimama pale kwa tangi akapiga kelele, hakuna mtu anaingia! Hakuna mtu anaingia! Mimi nilikuwa mbali, kwa lori, lakini hiyo nilisikia na masikio yangu. Wewe unakufa ndani na yeye yuko nje anatoa amri."

Ndugu zangu, nawaambia, nilimchukia yule dada mpaka nikapata nguvu. Nasema vile ilivyokuwa. Nilikuwa nimelala tu kitandani sina hamu ya kitu, lakini siku hiyo niliinuka nikazunguka nyumba. Nilikuwa nimepata mtu wa kulaumu. Nilikuwa nawaza, mtu mmefanya kazi pamoja, mmekula githeri sufuria moja, halafu unaanguka, anasimama anakutazama na kuwazuia wengine. Kwa nini? Kwa sababu tulibishana habari ya feni?

Alikuwa anakuja kuniona, mjue hilo. Anatoka Ruiru mpaka kwetu na flaski ya supu ya mifupa. Nilipojua hayo, akija nageukia ukuta. Anaketi, anauliza habari, simjibu, anaaga. Mama watoto anapokea flaski, anaiosha, anamrudishia. Hakusema lolote kumhusu, wala zuri wala baya. Nilipomweleza yale niliyoambiwa na yule jamaa, aliinuka akaenda kukoroga uji uliokuwa haujawekwa hata motoni. Nikafikiri ana uchungu kama mimi. Kumbe alikuwa na wake.

Baadaye mwenye kiwanda akaniita. Watu kazini walikuwa wamegawanyika, wengine wanamtetea Mama Ngoja, wengine hawampi hata salamu. Akaniambia, "Mzee, wewe ndiwe uliyeumia. Nataka urudi. Njoo tukae wote, na afisa wa usalama kazini atakuwepo. Ukisema huwezi kufanya kazi na huyu mama, yeye ataenda. Neno lako ndilo la mwisho."

Nililipenda hilo neno. Nilitembea nalo wiki nzima.

Tukakutana kiwandani asubuhi, uani, viti vimepangwa nje kwa ajili yangu. Mama Ngoja alikaa peke yake upande mmoja, amevaa sweta ya mikono mirefu na jua linawaka. Yule afisa, mtu mpole, akamuuliza kama ni kweli alizuia watu.

"Ni kweli," akasema. "Nilisema hakuna mtu anaingia."

Hakuongeza hata neno. Nikasimama. Siku hiyo maneno hayakunipotea hata moja.

"Mtu akianguka, mwenzake humshika," nikasema. "Hata mtoto anajua. Mimi nilianguka. Wewe uliwashika walio hai ukaniacha mimi. Nakuuliza mbele ya hawa watu wote, kama ningekuwa ndugu yako ungesimama nje?"

Yeye alinitazama tu, akauvuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole. Sikuwa na haraka. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme lile neno la mwisho, kwamba aende, ndipo mama watoto akasimama nyuma yangu.

"Mkunje sweta," akasema. "Baba watoto, mwambie akunje mkono wa sweta."

"Kaa chini," Mama Ngoja akamwambia. "Wee, kaa. Tulisema iishe."

"Haiishi. Ngai, Mungu wangu, haiishi hivi. Anaenda kukufukuza."

Akamwendea, akamshika mkono, akamkunja sweta yeye mwenyewe. Kulikuwa na kovu pale juu ya kifundo cha mkono, la duara, la meno. La mtu, si la mbwa. Yalionekana moja moja.

"Hayo ni yangu," mama watoto akasema. "Mimi ndiye niliyemng'ata."

Halafu akaniambia, pale, mbele ya afisa na wapakiaji na kila mtu. Alikuwa ameniletea chai. Akaona ngazi iko kwa tangi, akapanda, akachungulia, akaniona nimelala chini. Akaangusha kikombe, akaingiza mguu mmoja ndani. Mguu mmoja tayari. Alikuwa anakuja kunifuata. Mama Ngoja alikuwa anarudi kutoka getini. Akakimbia, akamkamata kiunoni kutoka nyuma, wakaanguka wote wawili kwenye sakafu yenye maji.

"Nilipigana naye," mama watoto akasema. "Nilimpiga, nikamtukana mama yake, nikamng'ata mpaka nikasikia damu. Hakuniachilia. Nimeshika mkono wake kwa meno na yeye anapiga kelele, fungua mlango wa chini! Leteni mpira wa kompresa! Wewe na wewe, hakuna mtu anaingia, leteni ndoano ya magunia! Aliyasema hayo yote nikiwa nimemng'ata. Wakaweka mpira wa hewa karibu na uso wako. Wakakushika na ndoano kwa mikanda ya ovaroli, wakakuinua kichwa juu. Hewa mbaya ikatokea mlango wa chini. Ndipo ukatolewa. Hakuna mtu aliyeingia, na ulitoka."

Nikamuuliza kitu ambacho hata nyinyi mngeuliza. Kwa nini hukuniambia?

Akaanza kulia. "Ulikuwa unasema mtu anayekupenda angeingia. Kila siku unasema hivyo, ukiwa umeangalia ukuta. Mimi sikuingia. Nilishikwa, lakini sikuingia. Nikaogopa ukijua nilikuwa pale utaniuliza mimi pia. Na huyu nimemwumiza bure, siwezi hata kumwangalia, nitakuambiaje?"

Jamani, kungekuwa na watu wanne ndani ya tangi lile siku ile kama si huyo dada. Mimi, mke wangu anifuate, mpakiaji amfuate mke wangu, na mwingine nyuma yake. Hivyo ndivyo watu huisha, afisa akatuambia. Wa kwanza huanguka kwa kutojua, na wanaofuata huanguka kwa upendo. Mimi nina watoto. Wangebaki na nani? Nilikuwa nimemchukia kwa miezi mtu aliyewaachia wanangu mama yao.

Yule afisa akamuuliza Mama Ngoja alijuaje kushika namna ile, bila kusita. Akakataa kusema. Lakini jioni hiyo alikuja kwetu, na kwa mara ya kwanza sikugeukia ukuta. Akatuambia mimi na mama watoto. Alipokuwa msichana, kwao walikuwa wanachimba kisima, wakateremsha pampu ya petroli ndani kutoa maji, moshi wake ukabaki chini. Kaka yake akashuka kuiangalia, hakujibu tena. Baba yao akasimama ukingoni anasita. Na yeye, msichana, akalia akamwambia, baba ingia, baba mtoe, unamwachaje? Baba akaingia.

"Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Siwezi kutuma mtu mwingine."

Hapo nilimshika mkono, huo wenye kovu, na tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Ngoja kwanza, nimalize mandazi." Ndivyo alivyo.

Basi, kupona kwangu kulianzia hapo, na sasa mniruhusu nishukuru, kwa sababu hilo ndilo hasa lililonileta. Yule muuguzi aliyenifundisha kupumua nikiwa nimekaa mlangoni, kisha hatua moja ndani, kisha mbili, Mungu amkumbuke. Jirani yangu wa duka, ndugu wa msikitini, ambaye kila alasiri alihamishia benchi lake mbele ya nyumba yangu akaongea habari za mpira bila kuchoka, na mimi sipendi hata mpira, asante sana. Wewe mama wa kiwanda cha nguo, uliyepoteza vidole, uliyeniambia katika ukumbi huu kwamba mikono ikitetemeka niipe kazi, nimeipa. Wewe ndugu wa machimbo ya mawe, uliyenicheka siku ya kwanza mpaka nikacheka, wewe nitakushukuru siku nyingine, umezidi.

Na baba yangu mdogo. Niliogopa kumwendea. Mama watoto alikuwa amesuka kiondo kikubwa cha mkonge, chenye matundu mapana, akasema tuweke miratina humo tukifunge kwa kamba, tukining'inize ndani ya tangi. Pombe ikitoka unavuta kamba tu, kiondo kinakuja na miratina yote, mizima, na hakuna mtu anayehitaji kuingia kuichukua. Nikafikiri mzee atasema nimeharibu mila. Alikishika kile kiondo akakigeuza, akacheka mpaka akakohoa. "Miratina haijui kama imelala au imening'inia," akasema. "Na mimi nilikuwa nikiinama pipani nikisikia kizunguzungu, nikadhani ni mizimu." Ni nyinyi mliobaki tu mnaoogopa kuuliza wazee wenu. Waulizeni.

Leo muratina yetu inapikwa na kiondo. Lakini tangi lazima lisuguliwe na mtu mara kwa mara, na hapo sheria zote za Mama Ngoja zinafuatwa: mlango wa chini, feni, maji, kipimo, na mtu wa kusimama nje. Tumeongeza moja, kwamba anayesimama nje asiwe mke wala ndugu wa aliye ndani. Mnajua sababu.

Juzi nilirudi kwenye kazi yangu kamili, na zamu ya kusugua ikamfikia yeye. Akanitazama, akasema, "Wewe utasimama nje." Sikuwa nimewahi kusimama nje. Kipimo kilisoma vizuri, feni ikazimwa, akaingia na brashi yake. Namsikia anasugua, nimeshika ngazi. Halafu brashi ikanyamaza.

Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kusikia ukimya wa namna hiyo. Nilimwita, kimya. Mguu wangu wa kulia ulipanda ngazi wenyewe, sikuuambia. Kila kitu ndani yangu kilisema ingia, unangoja nini, wewe ni mtu gani. Nikaurudisha mguu chini. Nikaushika mpira wa hewa, nikaita tena kwa sauti yote niliyo nayo, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya, kukaa pale.

"Niko!" akaniitikia. "Nimeangusha brashi. Mbona unalia?"

Sikumjibu siku hiyo, nilishindwa. Nimengoja nipate watu wa kushuhudia.

Yuko hapa. Amekaa kule nyuma na mama watoto, na naona anainamisha kichwa, lakini usiiname, tafadhali niangalie. Dada yangu, siku ile nilikuuliza kama ningekuwa ndugu yako ungesimama nje. Sasa najua inachukua nini. Asante kwa kutoingia.